Ukianguka na Bado Unaamini: Namna ya Kuanza Upya, Hatua kwa Hatua

Mtu akifilisika, akifutwa kazi, akianguka mtihani au akila pesa za chama cha akiba, swali la kwanza analoleta kanisani huwa kubwa mno: "Sasa Mungu ana kusudi gani na mimi?" Si swali baya. Ila limekuja mapema.

Soma Yohana 21 polepole uone mambo yalivyopangwa. Petro amemkana Bwana mara tatu, amerudi kuvua, na usiku kucha nyavu hazikupata kitu. Yesu haanzi na wito. Pale ufuoni pana moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate, anawaambia, "Njoni mfungue kinywa." Wakishakula ndipo maswali yanaanza. Ni matatu, sawasawa na mara alizokana, na yanaulizwa wenzake wakiwa hapohapo. Kazi ya kuchunga kondoo inatajwa baada ya majibu, si kabla.

Mwongozo huu unafuata mpangilio huo: mwili, ukweli, deni, kazi ndogo, halafu wito. Wengi wetu tunataka kuanza na la mwisho. Nimeuandika nikiwafikiria watu wa Kisumu, Kakamega, Vihiga, Bungoma na Busia. Aliye Nakuru atabadilisha majina ya mahali, mengine yabaki vilevile.

Hatua ya kwanza: Kula, lala, usiamue jambo kubwa

Eliya alimkimbia Yezebeli, akaingia jangwani mwendo wa siku moja, akaketi chini ya mretemu, akaomba afe. Malaika hakumhubiria. Alimgusa akamwambia, "Inuka, ule." Akala, akalala tena, akaamshwa, akala mara ya pili. Sauti ya utulivu pale Horebu ilikuja baadaye sana.

Kwa hiyo wiki za kwanza baada ya kuanguka ni za mwili. Kula hata kama chakula hakina ladha: uji asubuhi, ugali na omena au mboga za kienyeji jioni. Lala kwa saa zinazoeleweka. Tembea. Mtu asipokula kwa sababu ya mawazo, usimwongezee mfungo wa siku tatu. Huyo amekwisha kufunga bila kupenda.

Wakati huo usiuze shamba la ushago, usichukue mkopo wa kuziba mkopo, usihamie Nairobi kwa hasira, wala usiweke nadhiri. Nadhiri za mtu aliyekata tamaa huwa kubwa kupita kipato chake, na baadaye zinageuka deni jingine.

Kama mawazo ya kujiua yanakuja, acha kusoma hapa kwanza. Piga 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu, au mwambie mtu akupeleke hospitali. Kisumu, hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wenyeji huiita Russia, ina huduma za afya ya akili. Watu wengi huogopa kusema kwa sababu wamesikia ni kosa la jinai. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichokuwa kikiwaadhibu waliojaribu kujiua, kinakiuka Katiba. Hofu hiyo isikuzuie. Na kama kilichokuangusha ni pombe au bangi, namba ya NACADA, mamlaka ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, ni 1192, nayo pia ni ya bure. Maombi na daktari hawagombani.

Hatua ya pili: Tenganisha dhambi, kosa na janga

Hapa ndipo pa kukaa zaidi, maana waumini wengi huchanganya mambo haya matatu kisha wanayatubu yote kwa pamoja au wanayakana yote kwa pamoja.

Chukua daftari la shule, piga mistari miwili upate safu tatu. Ya kwanza ni dhambi: nilijua ni vibaya nikafanya. Ya pili ni kosa: sikujua, au nilikadiria vibaya. Ya tatu ni janga: lilitokea nje ya mikono yangu. Kisha andika yaliyotokea, tukio moja moja, kila moja katika safu yake.

Tuchukue mfano. Tuseme ulikuwa na trekta ya kubeba miwa kule Mumias. Kiwanda kilidhoofika kwa miaka, malipo ya miwa yakachelewa, mpaka mwaka 2019 kikawekwa chini ya meneja mrasimu, yaani msimamizi wa mali kwa niaba ya wadai. Hilo ni janga. Hukuliumba wewe, sawa na vile mfanyakazi wa kiwanda cha karatasi cha Webuye hakukifunga yeye mwaka 2009. Lakini ukaendelea kukopa kwa shailoki, mkopeshaji wa riba kubwa, miezi mingi baada ya trekta kusimama, ukiamini mambo yatarudi kesho. Hilo ni kosa. Kisha dada yako akakutumia pesa za karo ya mtoto wake uzipeleke shuleni, ukalipia mafuta na spea, ukamwambia umeshapeleka. Hiyo ni dhambi.

Ona sasa: hadithi moja, safu tatu, na kila safu ina dawa yake. Janga huombolezwa. Kosa hujifunzwa. Dhambi huungamwa na kurekebishwa. Ukitubu janga, utajichukia bure na kumwona Mungu kama askari. Ukiomboleza dhambi kana kwamba ilikuangukia tu kutoka juu, hutamlipa dada yako kamwe.

Yesu mwenyewe alizitenganisha. Alipotajiwa mauaji ya Wagalilaya, aliwakumbusha wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akauliza kama walikuwa wakosaji kuliko watu wote wa Yerusalemu. Jibu lake lilikuwa la hasha. Alipoulizwa kuhusu mtu aliyezaliwa kipofu, nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake, alikataa yote mawili.

Nasema hivi kwa sababu huku kwetu hakuna anguko linalopita bila kutafutiwa chanzo nyuma ya pazia. Waluo watataja chira, yaani laana ya kuvunja miiko, Waluhya watauliza kuhusu laana ya babu, na jirani aliyeokoka atasema ni roho ya ukoo. Msimamo wangu ni huu: kama katika familia kuna ugomvi wa kweli, ardhi iliyonyang'anywa, mzazi aliyetukanwa akafa bila kuombwa radhi, basi nenda, kaa na wazee, patana. Upatanisho ni jambo la Injili. Lakini anayekuita faraghani akakutajia bei ya kuvunja laana, mwache na bei yake.

Kwa safu ya tatu, tumia Zaburi za maombolezo jinsi zilivyo, bila kuharakisha mwisho mwema. Zaburi ya 13 inaanza na "hata lini" na kuirudia. Zaburi ya 88 haina hata mstari wa furaha mwishoni. Inaishia gizani, na bado imo katika Biblia. Isome kwa sauti ukiwa peke yako. Kanisani tumezoea kusema "Mungu ni mwema" kabla mtu hajamaliza kulia, na sijui tunamkinga nani.

Hatua ya tatu: Ungama kwa mtu mmoja anayefaa

Usiku ule Yesu alipokamatwa, wanafunzi wawili walianguka. Wote wawili walijuta. Tofauti yao imehubiriwa sana, lakini kuna jambo moja ambalo hupitwa haraka: Yuda naye aliungama. Alirudisha vipande thelathini, akasema amekosa kwa kuisaliti damu isiyo na hatia. Lakini aliungama kwa makuhani waliomlipa, nao wakamwambia hayo ayaangalie mwenyewe. Akatoka peke yake. Petro alirudi kwa wenzake.

Basi mchague mtu. Mkatoliki ana padre na kitubio, na padre amefungwa na siri ile mpaka kaburini. Ninyi wengine, mtafuteni mzee wa kanisa, mama wa ushirika, mchungaji au rafiki mwenye sifa hizi: hujawahi kusikia siri ya mtu mwingine kutoka kinywani mwake, hana deni lako wala wewe huna lake, na haogopi kukukatalia. Kwanza muulize, "Haya nitakayosema utayaweka?" Akisita, badilisha mazungumzo.

Kisha sema jambo kwa jina lake. Wandugu wa uamsho, ule ulioingia Kenya kutoka Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930, wana desturi wanayoiita kutembea nuruni: kosa linatajwa wazi, bila mafumbo. "Niombeeni, niko vitani" si ungamo. Ungamo ni kama hili:

"Mzee, dada yangu alinitumia elfu arobaini za karo. Nikazitumia kwa trekta. Nikamdanganya kwamba nimelipa. Ni mwaka wa pili sasa na bado hajui."

Maneno machache, kiasi kimetajwa, uongo umetajwa. Mwombe huyo mtu akusomee 1 Yohana 1:9 kwa sauti, wewe ukisikiliza tu. Msamaha unakuja hapa, kabla ya kulipa hata shilingi, na sababu yake ni ya vitendo pia. Mtu anayejiona bado yuko kizimbani hawezi kufungua daftari la madeni. Atalificha chini ya godoro. Aliyesamehewa anaweza kulitazama.

Onyo moja. Usiungame kwenye kundi la WhatsApp la ushirika, na usikubali kuitwa mbele ya kanisa wiki ya kwanza. Na kama jambo lako linaweza kufika polisi, kwa mfano pesa za kazini au za shirika, zungumza na wakili kabla ya kutia sahihi karatasi yoyote. Si kukwepa ukweli. Ibara ya 159 ya Katiba inahimiza upatanisho na njia nyingine za kusuluhisha migogoro, na wakili mzuri atakuonyesha mlango huo.

Hatua ya nne: Kabili deni

Zakayo hakuambiwa arudishe. Alikaribishwa kwanza, Yesu akaingia nyumbani kwake, ndipo akasimama akasema nusu ya mali anawapa maskini, na aliyemnyang'anya kitu kwa hila anamrudishia mara nne. Wewe huenda huna nusu ya kitu. Anza hivi.

Orodhesha kila anayekudai, mkubwa na mdogo. Kumbukumbu zikigoma, piga *334# uombe taarifa ya M-Pesa ya miezi iliyopita. Itakukumbusha majina uliyojaribu kuyasahau. Kisha pata ripoti yako ya mikopo kutoka TransUnion, Metropol au Creditinfo, zilizo na leseni ya Benki Kuu. Una haki ya ripoti moja bila malipo kila mwaka. Utajua kama jina lako limeorodheshwa vibaya na nani ameliorodhesha. Taarifa mbaya inaweza kubaki hadi miaka 5 baada ya kulipa, kwa hiyo usishangae benki ikikuuliza hata deni likiisha. Ukimaliza kulipa, dai barua ya uthibitisho kutoka kwa aliyekukopesha, uihifadhi.

Sasa panga nani alipwe kwanza. Washauri wa fedha watasema deni lenye riba kubwa, na kwa hesabu wana haki. Shailoki na mikopo ya simu vitakumaliza usipovikata mapema. Lakini Biblia ina foleni yake pia. Kumbukumbu la Torati 24 linaagiza maskini alipwe ujira wake siku ileile, kabla jua halijatua, na Yakobo 5 anasema ujira wa wavunaji uliozuiwa unapiga kelele. Kwa hiyo kabla ya benki, mlipe taniboi wako, yule utingo wa trekta. Mlipe mama mboga wa mtaa wa Manyatta aliyekuandikia kwenye kidaftari chake. Hawa hawana wakili, na deni la mia nane linamlaza mtoto wao njaa.

Usisubiri upate zote. Tuma ujumbe. Ukimdai mtu utamkumbuka anayekuambia ukweli hata kama hana kitu. Huu unatosha:

"Mwenyekiti, salamu. Chama kinanidai 38,000 na nimekuwa nikikwepa simu. Nisameheni kwa hilo. Sina zote. Naweza kutuma 1,500 kila tarehe 5 kuanzia mwezi ujao. Naomba nije Jumamosi tuandikishane."

Kiasi unachoahidi kiwe kile utakachokiweza katika mwezi mbaya, si mwezi mzuri. Andikisheni mbele ya shahidi, na kila malipo yapite kwa M-Pesa ili yaache alama. Wanachama wengine watakutukana. Wana haki ya kukasirika. Walikuwa na mipango na pesa zile. Sikiliza, usijitetee, rudia tarehe.

Kwa asiye na mali yoyote, Sheria ya Ufilisi ya 2015 ina utaratibu wa mdaiwa asiye na mali, kwa madeni ya kati ya shilingi 100,000 na 400,000, kupitia ofisi ya Mpokeaji Rasmi (Official Receiver). Ni njia halali na si aibu. Ila sheria ikikufungua kwa dada yako, dhamiri yako bado ina namba yake ya simu.

Halafu kuna suala la mbegu. Utakutana na mhubiri atakayekuambia upande elfu kumi ili mlango ufunguke. Ndugu yangu, hiyo elfu kumi si yako, ni ya chama. Mathayo 5 haiachi nafasi ya kujadili: ukileta sadaka yako madhabahuni na ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache hapohapo, uende upatane naye kwanza, kisha urudi uitoe. Toa kile kidogo cha kawaida kama moyo wako unataka, lakini usimtolee Mungu pesa ya mtu mwingine. Mchungaji mwaminifu hatakasirika ukimwambia hivyo. Wengine watakupigia makofi.

Hatua ya tano: Una kitu gani nyumbani?

Mjane wa 2 Wafalme 4 alikuwa na mdai aliyekuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Elisha hakumchangia. Alimuuliza, "Una kitu gani nyumbani?" Alikuwa na chupa ya mafuta tu. Akaazima vyombo kwa majirani, akamimina, akaambiwa auze alipe deni, na yatakayosalia aishi nayo yeye na wanawe. Angalia kwamba majirani walihusika. Ilibidi aende mlango kwa mlango akiomba vyombo vitupu, na bila shaka waliuliza maswali.

Kaa na mtu anayekufahamu, muandike unachojua kufanya. Usidharau. Mwenye trekta anajua injini, anajua barabara za mashambani wakati wa mvua, anafahamiana na wakulima wa kata nzima. Kama una ufundi bila karatasi, fanya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani. Unaanza daraja la III na kupanda hadi la I, na huulizwi ulisoma wapi bali unaweza nini. NITA ina kituo Kisumu.

Aliyeanguka KCSE, mtihani wa kidato cha nne, naye asikae nyumbani mtaani Nyalenda akijiita mjinga. Diploma ya ufundi inahitaji C-, cheti cha ufundi D, na kozi za msingi za ufundi zinapokea hata E, na mtu hupanda kutoka ngazi moja hadi nyingine. Kisumu National Polytechnic ipo mjini, Sigalagala iko njiani kuelekea Kakamega. Anayetaka kurudia mtihani anaweza kujisajili kama mtahiniwa wa kibinafsi. Binafsi ningempa chuo kwanza, kurudia baadaye.

Jambo moja kuhusu biashara. Usirudie ile ile kwa ukubwa ule ule ili watu waone umeinuka. Aliyekuwa na duka la jumla katika soko la Kibuye, Kisumu, anaweza kurudi na kitambaa chini na nguo thelathini za mitumba. Wateja wake wa zamani watampita, wengine watacheka. Ndiyo bei.

Hatua ya sita: Tumikia mahali pasipo na kipaza sauti

Baada ya miezi kadhaa utataka kurudi kwenye huduma. Rudi, lakini kwa mlango wa nyuma. Panga viti. Chota maji. Pika kwenye matanga. Huku kwetu wiki haipiti bila msiba, na mtu wa kukoroga sufuria ya ugali usiku wa manane hakosi kazi. Tembelea wagonjwa wodini. Usiombe kwaya, usiombe kuhubiri, na kama anguko lako lilikuwa la pesa, usiguse hesabu za kanisa hata ukibembelezwa. Kukataa huko ni sehemu ya kupona.

Kanisa likisita kukupokea, kumbuka Yohana Marko. Aliwaacha Paulo na Barnaba kule Pamfilia akarudi Yerusalemu. Safari iliyofuata Paulo akakataa katakata kumchukua, na mitume wawili wakatengana kwa sababu ya kijana mmoja. Barnaba ndiye aliyemshika mkono wakaenda Kipro. Miaka mingi baadaye Paulo, akiwa kifungoni, anamwandikia Timotheo: "Umtwae Marko, umlete pamoja nawe, maana anifaa kwa utumishi." Paulo alibadilika, lakini alichukua muda, na katika muda ule Marko alikuwa akifanya kazi na Barnaba, si akimlilia Paulo. Mtafute Barnaba wako. Mara nyingi si mchungaji mkuu. Ni mzee fulani wa nyuma ambaye naye aliwahi kuanguka.

Wafanyabiashara wa Kibuye wana tatizo lao. Soko huwa kubwa zaidi Jumapili, na ndiyo siku ya kulipa madeni. Nisingempa mtu hatia kwa hilo. Hudhuria ibada ya alfajiri au misa ya kwanza, na ukae kwa dhati katika ushirika wa katikati ya wiki au jumuiya ndogo ndogo. Pale watu kumi na wawili wanakujua kwa jina, na usipofika wanakuja kugonga.

Hatua ya saba: Sasa uliza kuhusu wito

Ukifika hapa, swali la mwanzo lina mahali pa kukaa. Halitafutwi mawinguni. Angalia nani amekuwa akikujia bila kuitwa. Mwenye deni anayekuuliza uliongeaje na chama? Kijana aliyeanguka mtihani? Mke wa mlevi? Paulo anawaambia Wakorintho, katika sura ya kwanza ya waraka wa pili, kwamba Mungu hutufariji katika dhiki zetu ili nasi tuweze kuwafariji walio katika dhiki. Wito mara nyingi unakaa karibu na kidonda, na wanaoujua kwanza ni majirani.

Upime. Kanisa la Friends (Quaker), ambalo misheni yake ilianza Kaimosi mwaka 1902, lina urithi wa kukaa kimya pamoja na kungoja kabla ya kuamua. Uazime, hata kama wewe ni wa kanisa la Kipentekoste la PAG au Mkatoliki. Waite watu watatu, mmoja awe haogopi kukuudhi. Waeleze unachofikiri unaitiwa. Kisha masharti: wasitoe ushauri wala unabii, waulize maswali tu, na kati ya swali na swali muwe kimya. Maswali kama: Ni nani atakula nyumbani ukifanya hivyo? Je, ungeifanya kama hakuna anayekuona? Deni limefika wapi? Mke wako anasemaje?

Na tafadhali, usianzishe kanisa. Nasema kwa upendo. Kuna njia imezoeleka sana kati ya Kondele na Maseno: biashara inakufa Machi, mwenyewe anaitwa Askofu Desemba. Huenda kweli umeitwa uchungaji. Basi kubali kufundishwa na kusimamiwa na mtu, kwa miaka. Lakini kwa wengi kusudi jipya litakuwa fundi anayemfundisha kijana mmoja injini bila kumtoza, au mama anayeshika daftari la akiba la akina mama sita kwa uaminifu ambao zamani hakuwa nao. Petro alipewa kondoo wa mwingine awalishe. Hakupewa zizi lenye jina lake.

Ukianguka tena katikati

Itatokea. Tarehe 5 itapita bila kutuma, au chupa itarudi mkononi. Mithali 24:16 inasema mwenye haki huanguka mara saba akaondoka tena. Rudi hatua ya kwanza kwa siku moja, mpigie yuleyule uliyemwungamia kabla usiku haujaingia, na umtumie mdai ujumbe siku hiyohiyo hata kama huna kitu. Usirudi mwanzo kabisa. Ulicholipa kimelipwa.

Ukiombwa kutoa ushuhuda

Siku moja watakuita mbele. Kabla ya kukubali, waombe ruhusa walioguswa na jambo hilo: mkeo au mumeo, dada yako, chama. Mmoja akikataa, nyamaza. Usitaje majina wala pesa za watu wengine. Usiuzidishe uovu wa zamani ili wokovu uonekane mkubwa. Wanaokujua wamekaa pale benchi ya tatu na wanahesabu. Sema pia ambacho bado hakijarekebishwa, kwa mfano kwamba deni la chama bado lina elfu tisa na kila mwezi unatuma. Dakika tano zinatosha, na kama kuna kikapu cha sadaka kinachopitishwa kwa ajili yako, kielekeze kwa mweka hazina wa chama unachodaiwa.